Jenga Kwanza Ukuta wa Dari



Katika karatasi hii tunataka kuwaza pamoja neno moja lililotugawanya wakati wa korona, na ambalo bado halijakwisha kati yetu. Neno lenyewe ni hili: wakati ugonjwa wa kuambukiza ungali unatembea katikati ya watu, je, ni haki kufungua chuo kikuu? Na yule anayefungua, ana deni gani, tena kwa nani?

Wengine watasema: «Mambo hayo yamepita, mnafukua kaburi kwa sababu gani?» Hapana, ndugu. Ni kweli kwamba tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya la Dunia lilitangaza mwisho wa hali ya dharura ya korona. Lakini katika jimbo letu hili la Tshopo, mwaka 2021, homa ya uti wa mgongo, ile tunayoita menenjite, iliingia Banalia na kuua watu zaidi ya 200. Mwaka 2024 tulisikia habari ya mpox, na jimbo letu halikuachwa. Mtu anayekaa kando ya mto hasemi kwamba maji hayatapanda tena kwa sababu leo yameshuka. Basi tuwaze sasa, wakati tuna utulivu, ili siku ile tusianze kugombana mlangoni.

1. YALIYOTUPATA

Tukumbuke kwanza namna mambo yalivyokwenda. Mgonjwa wa kwanza wa inchi yetu alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 18 ya mwezi ule ule Rais Félix Tshisekedi aliamuru masomo, vyuo vikuu na nyumba za ibada vifungwe. Tarehe 24 Machi akatangaza hali ya dharura. Tulikaa hivyo karibu miezi minne. Kiisha, mwezi wa Julai, Serkali ikatangaza kwamba milango itafunguliwa kwa zamu: maduka, mabenki na mahali pa kula tangu tarehe 22 Julai, masomo na vyuo vikuu tangu tarehe 3 Agosti, makanisa, bandari na viwanja vya ndege tangu tarehe 15 Agosti. Lakini ugonjwa ulipopanda tena, tarehe 18 Desemba 2020 masomo na vyuo vikuu vilifungwa mara ya pili, mpaka Februari 2021.

Hapa Kisangani jambo hilo lilitugusa sana. Chuo Kikuu chetu kilizaliwa mwaka 1963 kwa jina la Université Libre du Congo, na tangu 1981 kinaitwa Chuo Kikuu cha Kisangani. Wanafunzi wake si watoto wa mji peke yao. Wanatoka Buta, Isiro, Bunia, Opala, Isangi, Ubundu. Wanakuja kwa pikipiki siku mbili tatu, wanakuja kwa mitumbwi ya mota wakiwa wamebanana pamoja na mbuzi na magunia ya mihogo. Wakifika, wengine wanalala katika nyumba za wanafunzi, wengi katika chumba kimoja. Wengine wanapokelewa na shangazi Mangobo, au na mjomba Kabondo, au ng'ambo kule Lubunga. Basi kufungua chuo kikuu si kufungua auditoire peke yake. Ni kufungua barabara, mto, soko na nyumba nyingi ambazo hazina jina lolote kwenye daftari ya chuo.

2. KUNUNG'UNIKA KWETU

Tuungame jambo moja. Tuliposikia kwamba vyuo vikuu vitafunguliwa mbele ya makanisa, wengi wetu tulinung'unika. Tulisema: «Je, nyumba ya Mungu ni ndogo kuliko nyumba ya maprofesa? Wanafunzi mia wakae pamoja, na sisi tunaoomba tukatazwe?»

Leo tukijichunguza, tunaona kwamba swali letu halikuwa baya, lakini moyo uliouliza haukuwa mzuri. Tulipima mlango wetu na mlango wa wengine kama watoto wanaopima vipande vya nyama katika sahani. Hatukuuliza: «Watoto wetu wanaorudi kampusi, je, wamewekewa maji? Wana sabuni? Chumba kina dirisha? Wazee wanaokaa nao wataponaje?» Tulitaka mlango wetu ufunguliwe, basi. Wivu ulivaa kanzu ya ibada, na sisi hatukuutambua.

3. NANI ANALIPA?

Waganga walituonyesha mapema kwamba korona haikuwapiga watu wote sawasawa. Vijana wengi waliipata bila kulala kitandani, hata bila kujua. Lakini wazee, na wale wenye ugonjwa wa sukari au wa damu kupanda, hao ndio waliokufa kwa wingi zaidi. Na mtu asiyeona homa yoyote mwilini mwake aliweza kuwapa wengine.

Tuwaze nyumba moja ya Mangobo. Humo mna kijana wa miaka 22, mwanafunzi. Mna koko yake, mama mzee, aliyemlea tangu mama yake alipokufa, na ambaye ameuza pondu na mafuta ya mawese ili alipe minerval. Chuo kinafunguliwa. Kijana anakwenda na furaha, anakaa kwenye benchi bega kwa bega na wenzake, anarudi jioni. Wanakula katika sahani moja kama kawaida yetu. Siku nane zikipita, kijana anakohoa kidogo na anapona. Mama mzee anakohoa, naye haponi.

Tuulizane: nani aliyethubutu hapo? Kijana alisema: «Mimi siogopi.» Alisema kweli. Lakini ushujaa wake ulilipwa na nani? Mama mzee hakuulizwa. Jina lake halikuwa katika liste ya wanafunzi. Hakuna mkutano uliomwita aseme: ndiyo au hapana. Hapa ndipo tunaona kiini cha neno letu lote: mlango ukifunguliwa, wanaoingia hatarini si wale tu wanaopita mlangoni. Kuna wale wanaongoja nyumbani. Na deni kubwa la anayefungua ni kwa yule ambaye hatapita mlango ule hata siku moja: koko, mama anayefua nguo za wanafunzi, mlinzi wa usiku, mwenye toleka anayewabeba.

Kuweka maisha yako mwenyewe hatarini kwa ajili ya kazi njema kunaweza kuwa upendo. Kuweka maisha ya mwingine hatarini, bila kumwambia, kisha kukuita kule kuthubutu kwako imani, hilo ni jambo lingine kabisa.

4. LAKINI KUFUNGA PIA KUNAUA

Mtu asichukue maneno haya na kusema: «Basi, wafunge daima.» Hapana. Kufunga nako kuna watu wanaolipa, nao hawaulizwi vilevile.

Tuangalie jirani yetu Uganda. Masomo yalifungwa Machi 2020, na hayakufunguliwa kabisa kwa watoto wote mpaka Januari 2022. Karibu miaka miwili! Huko wasichana wengi walipata mimba, wengine waliozwa, wavulana walikwenda kutafuta kazi, na wengi hawakurudi tena darasani. Hakuna aliyeandika vifo vya namna hiyo katika hesabu ya ugonjwa, lakini ni namna ya kufa.

Na hapa kwetu tunajua mwaka mweupe ni nini: mwaka ambao mzazi amelipa, kijana amezeeka, na hakuna kilichopatikana. Mwenye mali katika miji mikubwa ya Ulaya alisomea nyumbani kwa njia ya intaneti. Lakini kijana wa kwetu atasomaje kwa intaneti, umeme ukiwa unakatika, na bei ya megabaiti inashinda bei ya chakula? Kwake yeye, kampusi ikifungwa, elimu imefungwa. Mwingine alikwenda kuchimba almasi na dhahabu, na njia ya shimoni ni rahisi kuliko njia ya kutoka.

Basi tusidanganyane. Hakuna mlango usio na hatari. Kufungua ni hatari, kufunga ni hatari. Mji huu uliopita katika vita vya siku sita, Juni 2000, hauhitaji mwalimu wa kuufundisha kwamba mara nyingine mtu anachagua kati ya hatari mbili. Swali la haki ni hili: unapochagua moja, umefanya nini kwa ajili ya wale watakaoanguka upande huo?

5. SHERIA YA DARI

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, Mungu aliwapa Waisraeli sheria ambayo wengi wanaipita haraka wakisoma. Inasema kwa maana hii: mtu akijenga nyumba mpya, azungushe ukuta juu ya dari yake, ili mtu asianguke kutoka huko na damu yake ikawa juu ya nyumba ile.

Sisi hapa hatupandi juu ya nyumba zetu; bati na majani ya ndele haviwezi kutubeba. Lakini kule kwao dari ilikuwa sawasawa kama uwanja. Rahabu aliwaficha wapelelezi darini. Petro alipanda darini kuomba pale Yafa. Dari ilikuwa mahali pa kazi, pa mazungumzo, pa sala.

Sasa tuangalie sana hekima ya sheria hii. Mungu hakusema: «Kwa kuwa watu wanaweza kuanguka, msipande darini.» Wala hakusema: «Pandeni tu, mimi nitawashika.» Alisema: jengeni ukuta. Yaani kazi iendelee, maisha yaendelee, lakini mwenye nyumba atangulie kuwawazia watakaokuja. Na kama hakujenga, mtu akianguka, asiseme: «Alianguka mwenyewe,» wala asiseme: «Ni mapenzi ya Mungu.» Damu iko juu ya nyumba.

Tena ukuta unajengwa wakati nyumba ingali mpya, si baada ya mazishi.

Ndugu zetu Wagenia wanaijua sheria hii ingawa wanaiishi kwa namna nyingine. Pale kwenye maporomoko, maji yanapiga kelele mchana na usiku. Hakuna Mgenia anayesema kwamba mto hauna hatari. Hakuna anayesema pia kwamba tuache kuvua, watoto walale na njaa. Wanasimika miti mikubwa katikati ya mawe, wanaifunga kwa kamba za msituni, wanaijaribu, na kiisha ndipo wanatundika vikapu vyao na kuingia. Kwanza miti, halafu samaki.

6. UKUTA UZUNGUKE PANDE ZOTE

Mwezi wa Agosti 2020, kule Marekani, Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kilifungua milango yake tarehe 10. Ni chuo chenye mali na chenye waganga wengi. Waliweka alama sakafuni, waliamuru watu wavae cache-nez. Siku saba tu zikapita. Tarehe 17 Agosti wakatangaza kwamba wanafunzi wa shahada ya kwanza hawatasoma tena darasani. Kwa nini? Ugonjwa ulikuwa umewaka katika nyumba za kulala. Ukuta ulijengwa upande wa darasa, na watu walianguka upande wa kitanda.

Hapa kwetu pia, mtu akiweka ndoo ya maji mlangoni pa auditoire wakati mkuu wa chuo anapita na wapiga picha, lakini usiku vijana wanalala wanne katika kitanda cha mmoja, ukuta uko wapi?

Wala tusiseme kwamba nyumba yenye kusudi jema inajilinda yenyewe. Tukumbuke Yambuku, mwaka 1976. Ilikuwa hospitali ya misioni, nyumba ya upendo. Masista waliitumikia kwa moyo. Lakini sindano zilikuwa chache, nazo zilipita kutoka mgonjwa mmoja kwenda mwingine bila kuchemshwa vizuri. Ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ebola ulipita kwa njia ile, na kati ya wagonjwa 318 walikufa 280, pamoja na wengi wa wale waliowatumikia. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyekwenda kule akiwa mganga kijana, ndiye aliyeongoza pia kazi ya kupigana na korona katika inchi yetu mwaka 2020. Somo la Yambuku halisemi kwamba hospitali ni mbaya. Linasema: wema wa nyumba haumalizi deni la ukuta. Kama ni hivyo kwa hospitali, ni hivyo kwa chuo kikuu, na ni hivyo kwa kanisa.

Tena ukuta una jiwe moja ambalo halinunuliwi sokoni: kusema kweli. Jirani zetu wa Tanzania walifungua vyuo vikuu tarehe 1 Juni 2020, mbele yetu. Kufungua kwenyewe si dhambi. Lakini tangu Mei ya mwaka ule Serkali yao ilikuwa imeacha kutoa hesabu ya wagonjwa. Mzazi anayemtuma mtoto wake bila kujua mto umepanda kiasi gani, hachagui, anasukumwa. Na sisi tusiwacheke, kwa maana katika karitie zetu pia wako waliomficha mgonjwa kwa kuogopa aibu, wakasema ni malaria.

7. KWA WALE WANAOSEMA: MUNGU ATATULINDA

Mungu anatulinda, amina. Sisi tulio wana wa maombi hatuwezi kusema kinyume. Lakini Shetani alipompandisha Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, alimwambia ajitupe, malaika watamshika. Yesu alikataa. Hakukosa imani; alikataa kumjaribu Baba yake. Kama yeye mwenyewe hakujitupa, sisi tutawatupaje wazee wetu?

Tukumbuke pia Daudi. Alitamani maji ya kisima cha Betlehemu, na mashujaa watatu wakapenya kambi ya Wafilisti, wakamletea. Daudi hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, kwa sababu aliona ndani yake maisha ya watu. Wale mashujaa walikwenda kwa mapenzi yao, na bado Daudi aliona uzito. Diploma ya mtoto wetu ni maji ya kisima kile. Ni matamu, tuna haki ya kuyatamani. Lakini kabla ya kunywa, tuangalie ndani: kuna maisha ya nani? Na kama ni maisha ya mtu ambaye hata hakuulizwa, tutakunywaje?

8. UKUTA WA MASKINI

Mmoja atasema: «Mnasema maneno mazuri, lakini Serkali haina pesa, chuo hakina pesa, sisi hatuna pesa. Tukingoja ukuta, nyumba haitakaliwa.» Ni neno la kweli, na tunalijibu hivi. Sheria ile haikusema ukuta uwe wa mawe gani. Tajiri atajenga kwa mawe ya kuchonga. Maskini atajenga kwa miti na udongo. Kinachokatazwa ni kuacha ukingo wazi na kuita watu wapande. Serkali ina sehemu yake, na tuna haki ya kuidai bila kuchoka. Wakuu wa chuo wana sehemu yao. Lakini sisi tunayo yetu, nayo haiwezi kungoja.

Basi siku ugonjwa ukirudi na kampusi zikaitwa kufunguliwa:

Kijana mwanafunzi, kabla ya kurudi, keti na wazee wa nyumba yenu. Waambie kweli yote ya hatari. Waulize. Kama wanaogopa, tafuta pa kulala pengine kwa muda, au kula kando na kuwasalimu kwa mbali. Siyo kuwadharau, ni heshima ya mwisho ya upendo. Na ukikohoa, sema siku ile ile.

Wazazi, msimtume mtoto mgonjwa eti asikose mtihani. Mtihani unarudi. Koko harudi.

Maprofesa na waalimu mnaosali pamoja nasi, msimwadhibu mwanafunzi aliyebaki nyumbani kwa sababu ya homa. Mkimwadhibu, mnamfundisha kuficha.

Na sisi kanisa, tuna kiwanja na majengo ambayo siku za kazi yanakaa kimya. Badala ya kunung'unika kwamba mlango wao umetangulia, tuwape vijana wetu nafasi ya kusomea penye hewa, tuwachangie ndoo na sabuni, na tuwatafutie malazi wale waliobanana. Tukifanya hivyo, hata mlango wetu ukifunguliwa wa mwisho, hatutakuwa tumefungwa.

Katika inchi yetu korona iliandikiwa vifo zaidi ya 1,400 vilivyohesabiwa. Wengine hawakuhesabiwa, na kati yao wamo tuliowazika sisi wenyewe, kwa haraka, bila matanga. Hatuwezi kuwarudisha. Lakini tunaweza kujenga ule ukuta ambao wao hawakujengewa.

Bwana atupe moyo wa kufungua milango bila kiburi na kuifunga bila woga, na macho ya kumwona yule aliyebaki nyumbani. Amina.